Barua kwa Zuhura kuhusu tiba ya sumaku

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Unasema daktari wako huko Toronto amependekeza utibiwe sonona kwa sumaku baada ya dawa mbili kutokufaa, na kwamba mama anakukataza kwa kuamini kuwa utapigwa umeme upoteze kumbukumbu.

Mweleze mama, kwa heshima zote, kuwa hizo ni tiba mbili tofauti. Katika tiba ya mshtuko wa umeme, ambayo nayo imewafaa wengi waliozidiwa kabisa, mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisha husababishiwa kifafa kifupi kwa makusudi. Katika hii ya sumaku utaketi kitini ukiwa macho, umeziba masikio kwa sababu mashine hugonga kama kigogota mtini, na ikiisha utainuka uende zako kazini.

Msingi wake ni ule alioubaini mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme. Koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa sumaku, ikiwekwa juu ya kichwa, mapigo yake hupenya fuvu na kuamsha chembe za neva zilizo karibu na uso wa ubongo, bila kisu wala sindano. Mtafiti Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walilionyesha jambo hili mwaka 1985, walipoiweka koili juu ya sehemu ya ubongo inayoamrisha mkono, na mkono ukashtuka wenyewe. Hata leo daktari huanzia hapo: hupima nguvu inayotosha kukitikisa kidole gumba, halafu huisogeza koili mbele, upande wa kushoto, kwenye sehemu ambayo kwa wagonjwa wengi wa sonona hufanya kazi kwa unyonge.

Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2008. Wakati huo kila kikao kilichukua zaidi ya nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita, mzigo mzito kwa mtu ambaye hata kuoga kunamshinda. Ndiyo maana nilifurahi kusoma utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika humo humo Toronto na pia Vancouver kwa wagonjwa 414, ukaonyesha kuwa kikao cha dakika tatu hivi hakikuzidiwa na kile kirefu. Karibu nusu yao walipata nafuu kubwa. Nusu nyingine hawakuipata, nami sitakuficha hilo. Ila kwa mtu ambaye dawa zimemshinda, nafasi ya namna hiyo naiona ni kubwa.

Kichwa kinaweza kuuma siku za mwanzo. Kifafa hutokea kwa nadra sana, lakini kama umewahi kukipata, au una chuma chochote kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, mwambie daktari kabla hujakaa kitini. Vidonge usiviache kwa uamuzi wako mwenyewe. Muulize pia kama kliniki yake inatoa vikao vile vifupi, na nani atagharamia, kisha uniandikie majibu yake kabla hujaamua lolote.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi