Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: kabla ya mlango, tazameni bomba

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi mwenye dhamana ya vibali vya ujenzi, Mji Mkongwe, Zanzibar

Mheshimiwa, Assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa ajili ya majumba ambayo wenyewe wanataka kuyageuza: ya kuishi yawe ya wageni, ghala liwe mkahawa. Sipingi. Nyumba tupu huku kwetu hufa haraka kuliko yenye watu, na mifano mizuri ipo. Jengo la zamani la simu pale Shangani sasa ni hoteli, na Zahanati ya Kale, iliyokarabatiwa na Aga Khan miaka ya 1990, imesimama na roshani zake. Ombi langu ni moja: uchunguzi wa maombi ya kubadilisha matumizi uanzie kwenye maji.

Maana sisi watu wa mji, ukitutajia uhifadhi tunakimbilia mlango. Mlango wa njumu, roshani, rangi ya ukuta wa mbele. Mtalii naye picha anapiga hapo hapo. Nyumba lakini haianzi kufa mlangoni.

Chukua nyumba ya ghorofa tatu yenye vyumba vinane na vyoo viwili, vyote upande mmoja. Ikiwa ya wageni, kila chumba kitataka choo na bafu lake. Basi yatakuwa mabafu manane juu ya boriti za mikoko, na mabomba yamepita ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, ukuta unaofyonza maji kama sponji. Kiungo kimoja kikivuja hakuna atakayeona, vigae vimefunika. Boriti inaoza ncha, pale ilipoingia ukutani, na katikati bado unaiona nzima. Juu ya paa nako kuna tangi: lita 2,000 likijaa ni tani mbili.

Kwetu Mkunazini hatukuwa na wageni, tulikuwa na haraka tu. Ukuta wa chini ulipoanza kutoa chumvi, tulimwambia fundi atie saruji, ikae imara. Alituuliza mara mbili. Masika ya pili plasta ikavimba. Nilipoibonyeza ikabanduka kipande kikubwa kama sinia, na nyuma yake mchanga ukachuruzika miguuni pangu, mbichi. Saruji ilikuwa imeyafungia maji ndani. Lawama ni yetu, ila mtu mmoja anayejua chokaa angesimama pale nusu saa tu, angetuzuia.

Ndiyo maana naomba mkaguzi afike nyumbani na fundi wa chokaa kabla mwenye nyumba hajalipa mchoraji. Wapande hadi paani, washuke hadi shimo la maji machafu, wagongegonge ncha za boriti. Michoro itakapokuja, ioneshe maji yanaingia wapi, yanatoka wapi, tangi linakaa juu ya ukuta gani. Mabafu yapangwe moja juu ya jingine, mabomba yapite nje ya ukuta yaonekane, hata kama hayapendezi. (Upande wa uani, bila shaka, sijasema yaning'inie juu ya mlango.)

Na paa linalovuja lisipangwe foleni moja na hoteli. Anayetaka kubadilisha mabati matatu apate jibu ndani ya wiki, la sivyo atayabadilisha usiku, na hapo hamtajua alichogusa.

Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani pale Forodhani, la mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea. Watu wawili walifariki. Na ile mbele yake kuna uwazi. Sisi wa vichochoroni ukuta wetu ukianguka unaangukia kwa jirani.

Masika huanza Machi. Ukija kabla yake nitakuonesha ule ukuta. Hatujauziba, unaweza kutia kidole mwenyewe.

Wako,
Mkaazi wa Mkunazini