Usilirudishe gauni, njoo nalo

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako mama yako amenifikishia, marahaba. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, na cherehani haijapumzika tangu Jumatano kwa ajili ya magauni ya kipaimara.

Najua mambo ya gauni la harusi si yangu. Ni ya mama yako na mashangazi zako, na kama ningekuwa dereva au mwalimu ningekaa kimya. Lakini nimekaa kwenye baraza hii ya Mbuyuni miaka 31 nikishonea mabinti wa watu, halafu binti yangu mwenyewe ananunua Kariakoo gauni lisilofunga zipu, eti atapungua alifikie. Hapo uzalendo umenishinda.

Mama yako kanieleza yote. Kwamba muuzaji alikuletea namba 16 ukaikataa, ukachukua 12 kwa kuwa ndiyo unayovaa siku zote, na kwamba ulilia mle kwenye chumba cha kujaribia. Mama, ile namba haikukutukana. Magauni mengi ya dukani yanatoka China, na kwa namba ile ile gauni la harusi huwa dogo kuliko nguo ya kawaida. Anayevaa 12 kazini, kwenye gauni la harusi mara nyingi anaingia 14 au hiyo hiyo 16. Nayapokea hapa kila Desemba watu wakija nyumbani kuoana, na siku hizi hata kibandiko sikisomi. Nachukua futi napima.

Sasa nasikia huli. Chai ya asubuhi umeacha, jioni ni tango na maji ya limao. Mama yako umemwambia unafunga Kwaresima. Kwaresima gani hiyo ya kupanda mizani kila asubuhi? Na ile chai ya kupunguza tumbo uliyouziwa na mwenzako ofisini, soma maandishi ya nyuma. Nyingi zina sanamaki, ile ile ambayo bibi yako alitunywesha tukifunga choo. Kinachotoka ni maji tu, na ukinywa maji uzito unarudi ulikokuwa.

Mama yako alipoambiwa apunguze uzito kwa ajili ya presha, daktari alimwambia nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Wewe una wiki tisa. Piga hesabu mwenyewe, halafu uniambie hizo kilo 14 unazotaka kupunguza unazitoa wapi. Tena mwili haumsikilizi fundi. Kwa niliowapima mimi, uso na kifua ndivyo hutangulia kupungua, kiuno kinabaki kikibisha. Utakuja na gauni linalopwaya kifuani na bado linabana tumboni, na hiyo ndiyo kazi ninayoichukia kuliko zote.

Mwaka 2009 kuna binti wa hapa mjini aliagiza gauni dogo makusudi, kama wewe. Jumamosi ya harusi saa moja asubuhi nikaitwa kwao. Zipu imekwama katikati ya mgongo, mwanya wa vidole vinne. Mashangazi wawili wanavuta, mmoja kamkandamiza kwa goti. Alikuwa hajala tangu Ijumaa mchana. Nikawatoa wote akabaki mama yake, nikaomba mkasi na uji. Nilikata mkia wa gauni, ule wa kuburuza, nikatoa vipande viwili vya upana wa kiganja, nikavipachika ubavuni kwa sindano ya mkono huku yeye amekaa kwenye kigoda anakunywa uji. Mkono ulimtetemeka mpaka nikamwambia aweke bakuli chini, nisije nikashona gauni na ngozi. Saa nne akaingia kanisani bila mkia, na hakuna aliyeuliza. Picha yao kubwa iko sebuleni kwa wazazi wake mpaka leo. Wageni wanamsifia bibi harusi, mimi naona mishono yangu iliyopinda chini ya kwapa.

Lipo na jingine, na kusema kweli ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Krismasi uliposhuka kwenye basi nilikwambia mbele ya watu, "Mama, umenenepa!" Ukacheka, ukaingia ndani. Kwa watu wa rika langu hiyo ni sifa. Maana yake unakula, unalala, Dar haijakutesa. Ulipokuwa chuo, ule mwaka uliougua malaria mara mbili, ulirudi hapa mifupa ya mabega imesimama, nikashona blauzi yako huku nameza mate. Tangu hapo nilikuwa naisubiri siku ya kukwambia neno hilo. Sikujua limekuchoma. Mama yako anasema mizani uliinunua Januari. Nisamehe, mwanangu.

Basi gauni usilirudishe, na najua mwenye duka hatakubali. Njoo nalo Pasaka. Ubavuni sina cha kufungua, viwandani huacha nusu inchi tu ndani, wakati mwingine haifiki. Lakini mgongo upo. Nitatoa zipu yote, nishone vitanzi vya satini pande zote mbili, nipitishe utepe wa kukaza kama kamba za viatu, na nyuma yake kipande cha kitambaa ngozi isionekane. Hapo napata inchi nne bila kugusa lesi ya mbele. Ukipungua tunakaza, ukirudi ulivyo tunalegeza, na siku yenyewe ukishakula pilau, msimamizi wako anakulegezea kidogo.

Ninunulie satini mita moja na utepe mita nne. Nenda na gauni lenyewe, usikariri rangi kichwani, maana nyeupe za Kariakoo ziko kama ishirini. Na usilinganishe chini ya taa za dukani, toka nalo nje juani. Njoo pia na viatu utakavyovaa na sidiria ya siku hiyo, bila hivyo sipimi. Kipimo cha mwisho tutachukua wiki mbili kabla ya harusi.

Kama unataka kutembea jioni na kuacha soda, tembea, hata mimi ningefaidika. Lakini asubuhi unywe chai, na chapati yake.

Mama yako atapika mtori. Basi likisimama Korogwe, shuka ule. Sitaki kupima kiuno chenye njaa.

Ni mimi baba yako