Sahihi yangu ya soda irudishwe

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya Jumanne, yenye picha ya akina mama wameshika soda: mwenye kilemba cha kijani, wa pili kutoka kushoto, ni mimi. Mmeandika kwamba wananchi wa mtaa wetu "wameshirikishwa kikamilifu" katika mpango wa usafiri na nishati safi. Tangu nistaafu ualimu sijawahi kukuandikia, hata mlipochapa majibu ya fumbo la maneno pamoja na fumbo lenyewe. Hili limenishinda.

Kushirikishwa kwenyewe kulikuwa hivi. Mjumbe alipita kutugongea jioni, mkutano kesho yake saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Basi tukajaa wastaafu na watoto wa likizo. Makonda wa daladala, vijana wa bajaji na mama lishe, ambao ndio hasa watakaoguswa, walikuwa wanatafuta riziki. Kabla hatujasikia neno, ikapitishwa karatasi ya mahudhurio: jina, simu, sahihi, juu haina kichwa. Kisha kijana mmoja akawasha projekta, akatuonyesha ramani iliyokwisha kuchorwa na kupakwa rangi, maelezo yote Kiingereza, naye akisoma kama anayewahi ndege. Nikanyoosha mkono. Daladala za huku ndani zikiondolewa, nikauliza, mtu anayetoka sokoni Mabibo na tenga la nyanya atapanda nini, maana kwenye mwendokasi, haya mabasi ya njia yake maalumu, pa kuweka tenga hapana? Akajibu hoja yangu ni nzuri na imechukuliwa. Imechukuliwa na nani, Mhariri, na mkononi hakuwa hata na kalamu? Mzee mmoja akauliza makonda na madereva walioondoka Barabara ya Morogoro mabasi yalipoanza mwaka 2016, kuna aliyefuatilia waliishia wapi? Akaambiwa muda umekwisha. Soda, nauli shilingi 5,000, picha. Leo nasoma gazetini kwamba tumeridhia!

Sipingi mabasi. Nimeyapanda tangu mwaka ule wa kwanza, Kimara hadi Kivukoni, na siku yakija mfululizo huwa nawaombea dua walioyabuni. Lakini wenzetu wa Mbagala walijengewa zaidi ya kilomita 20 za zege, wakakaa wanaitazama barabara tupu huku wao wakining'inia mlangoni mwa daladala pembeni yake. Muuza karanga yeyote wa Rangi Tatu, hukohuko Mbagala, angewauliza wataalamu mapema: mabasi yenyewe yako wapi?

Na hiyo nishati safi ni hadithi ileile. Serikali ilizindua mkakati Mei 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Vizuri sana. Jirani yangu mama lishe alipata mtungi wa gesi wa kilo 6 wa ruzuku, akaufurahia mwezi mzima. Sasa wateja wanaukalia wakila wali maharage, kwa sababu kuujaza ni zaidi ya shilingi 20,000 za mkupuo, na yeye mkaa ananunua kwa kopo, kulingana na mauzo ya jana. Angewaeleza hayo kwa dakika mbili, bila soda. Na hao wauza gesi wasiotaka kuweka mtungi kwenye mizani mbele ya mteja, nao mtawaandika lini? Mimi wa kwangu niliupima kwa muuza samaki.

Napendekeza mkutano ujao uitishwe Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kituoni Kimara. Wataalamu wagombanie basi pamoja nasi, na atakayefika Kivukoni akiwa na vifungo vyote vya shati ndiye awasilishe mada. Ramani iletwe ikiwa na penseli, si rangi. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka bila miwani: NIMEHUDHURIA, SIJAKUBALI.

Kwa sasa naomba sahihi yangu irudishwe. Ile nauli sikuitumia, maana nilikwenda kwa miguu; ipo kwenye bahasha, pamoja na bei ya soda moja ya tangawizi. Mje kuichukua, lakini si saa tatu asubuhi.

Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam