Malalamiko: seti ya taa za ndege inayovuruga redio

Kisumu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: TAA ZA NDEGE ZISIZOLINGANA NA TANGAZO LENU

Ninajenga ndege ndogo ya viti viwili, mwili wa faibaglasi, katika karakana iliyo kando ya barabara ya Kibos. Nilinunua kwenu seti ya taa za LED: nyekundu ya bawa la kushoto, kijani ya bawa la kulia, nyeupe ya mkiani, pamoja na taa za kumweka za kwenye ncha za mabawa. Nililipa shilingi 74,000 kwa M-Pesa kabla mzigo haujatoka Nairobi. Tangazo lenu lilisema kwamba taa hizi hazisumbui redio, kwamba nyaya zake ni za Tefzel (plastiki inayovumilia joto kali) zilizofunikwa wavu wa shaba, na kwamba mwanga wa kila taa umekatwa kwa pembe zinazotakiwa kwenye ndege. Nimekagua yote matatu na hakuna hata moja lililo kweli.

Nianze na redio, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Redio za ndege hutumia masafa ya megahatsi 118 hadi 137 kwa mtindo wa AM, mtindo ambao hupokea kila mkwaruzo wa umeme ulio karibu. Ndani ya taa ya LED kuna saketi inayopunguza volti za betri kwa kuwasha na kuzima umeme mara maelfu kwa sekunde. Mtengenezaji asipoiwekea kichujio na kifuniko cha chuma, saketi hiyo hutoa mvumo unaofika hadi kwenye antena. Nilipowasha taa zenu kwa mara ya kwanza, ndege ikiwa bado imesimama karakanani na injini imezimwa, sauti ya mnara wa kuongozea ndege ilimezwa na mvumo.

Mhudumu wenu alinijibu kwa WhatsApp kwamba niangalie athi, yaani njia ya kurudishia umeme kwenye betri. Ushauri huo ungefaa kwa ndege ya bati, ambayo mwili wake ndio njia ya kurudishia umeme. Faibaglasi haipitishi umeme. Kwa sababu hiyo kila taa nimeivutia waya wake hasi hadi kwenye kipande kimoja cha shaba nyuma ya dashibodi, chanya na hasi zikiwa zimesokotwa pamoja ili dira nayo isipotoshwe. Hata hivyo sikubishana naye. Nilifungua taa za bawa la kushoto, nikazipeleka nje chini ya mwembe, mbali na ndege, nikaziunganisha na betri ndogo ya volti 12 kwa nyaya fupi. Nikawasha redio ya mkononi, nikarekebisha kitufe cha kuzuia mvumo mpaka ikanyamaza kabisa. Kisha nikagusisha waya kwenye betri. Redio ikafunguka yenyewe, ikavuma bila kukatika, na kila taa ya kumweka ilipomweka ukasikika mpasuko, ta, ta, ta, juu ya ule mvumo. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua huku nimeishika. Nilifika langoni na bado ilikuwa ikivuma. Pale hapakuwa na athi yangu, wala swichi yangu, wala jenereta ya injini. Palikuwa na taa zenu na betri, basi. Niliwatumia video ya jaribio hilo. Jibu likawa kwamba bidhaa ikishafungwa hairudishwi.

Uwanja wa ndege wa Kisumu uko ufukweni mwa ziwa na hupokea ndege za abiria kutoka Nairobi kila siku. Alasiri, mawingu ya mvua yakishuka kutoka milima ya Nandi, anga hufunga upesi. Saa kama hiyo rubani wa ndege ndogo anahitaji taa zake zionekane na mnara usikike kwa wakati mmoja. Taa zenu zinanilazimisha kuchagua kati ya kuonekana na kusikia, na uchaguzi huo hakuna rubani anayepaswa kuufanya.

Sasa nyaya. Waya halisi wa Tefzel umeundwa kuvumilia joto la nyuzi 150, na ganda lake ni gumu, jembamba na linateleza. Nilipogusa ganda la waya wenu kwa ncha ya chuma cha kulehemu risasi, liliyeyuka papo hapo na kutoa moshi mchungu. Hiyo ni PVC, plastiki ya kawaida ya waya wa gari. Moshi wa PVC una haidrojeni kloridi, gesi inayochoma macho na koo, na katika ndege yenye nafasi ya watu wawili hakuna pa kukimbilia. Wavu wa shaba mlioutaja haupo kabisa. Nilipasua ganda kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nikakuta nyuzi za waya tupu. Hata viunganishi vya kwenye shina la bawa vimelehemiwa tu bila kushikiliwa na chochote, ilhali kila anayefanya kazi hii anajua kwamba waya uliolehemiwa hukakamaa na mtikisiko wa injini huukata pale pale ulehemu unapoishia.

Kuhusu pembe sitaandika mengi. Taa nyekundu inapaswa kuonekana kuanzia mbele ya pua hadi nyuzi 110 kushoto, kijani vivyo hivyo kulia, na nyeupe ifunike nyuzi 140 za nyuma. Rubani mwenzangu akiona nyekundu na kijani kwa pamoja anajua namjia uso kwa uso. Ile nyekundu yenu inavuka pua na kuonekana waziwazi hata ukisimama upande wa bawa la kulia, hivyo itampotosha mtu anayeitegemea kukwepa.

Mhudumu wenu alinipa punguzo la bei kwa ununuzi ujao. Silitaki. Nataka nirudishiwe shilingi 74,000 pamoja na gharama ya kusafirisha mzigo kuja na kurudi. Nataka pia maneno yale matatu yaondolewe kwenye tangazo, na kila aliyenunua seti hii apigiwe simu na kuambiwa, kwa kuwa huenda yuko mjenzi mwingine, Nakuru au Kitale, ambaye tayari amezifunga nyaya hizi ndani ya bawa na kuliziba. Huyo ndiye anayeninyima usingizi kuliko pesa zangu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, nikiwa na taa, nyaya zilizopasuliwa, video na nakala ya tangazo lenu.

Seti yote nimeifunga ndani ya sanduku lake. Mjumbe wenu anaweza kuichukua siku yoyote ya kazi.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Kisumu