Asante kaka wa viatu pale soko kuu Mtwara

Jina lako sikuuliza kaka, we ni yule unayemwaga viatu vya mtumba kwenye turubai. Nakushukuru hapa mbele za watu maana mama angu ana sukari na miguu ishaingia ganzi, kiatu kikimbana hasikii mpaka kidonda kitokee, na we ulivosikia hivo tu ukaacha kupiga debe ukamsogezea kigoda.

Ukapasua boksi ukaliweka chini ukasema mama simama, usikae, mguu ukibeba uzito unatanuka, ukaichora yote miwili, kumbe wa kulia mrefu zaidi basi tukafata huo. Ukachomoa soli ya ndani ya vile vyeusi alivyovipenda ukailaza juu ya mchoro, vidole vikabaki nje pembeni, ukavirudisha kwenye rundo na ndo vilikua vya bei! Muuzaji gani anafanya hivo jamani. Vile vingine ukaingiza mkono kupapasa mishono na vimisumari, ukapima upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, kisigino kisichezecheze, namba ukasema achana nayo kila kiwanda na yake. Na bora tulikuja jioni miguu ishavimba na joto letu hili.

Sasa anavivaa mpaka kliniki Ligula, jioni tunamkagua miguu kama ulivosema. Nikija ntakuletea korosho, na yale makobazi niwekee ya baba, ntakuja na mchoro wa mguu wake.