Mwanangu, usiende pwani kama unakimbizwa

Mwanangu kipenzi,

Salamu za hapa Jinja, sote wazima, baba yako anakohoa kidogo ila hospitali hataki kusikia, si unamjua. Ile ratiba ya likizo uliyonitumia kwa WhatsApp nimeisoma na miwani nimevaa, nikaona bora nikuandikie kwa kirefu, maana nikituma voisi utasikiliza nusu. Yaani Mombasa, Malindi, Watamu, Lamu, halafu mshuke Tanga, Pangani, Bagamoyo, mmalizie Unguja, vyote ndani ya wiki mbili, na humo humo kuna basi la kutoka Kampala na la kurudi! Huko si kutembea mama, huko ni kusambaza magazeti.

Chagueni miji miwili. Sana sana mitatu, na huo wa tatu uwe wa kupita tu.

Sikiliza nikwambie, miji midogo ya pwani haina vitu vingi vya kuona, mimi nimezaliwa huko sina sababu ya kukudanganya. Ukishuka Pangani saa nne asubuhi, ukapiga picha boma la zamani na zile nyumba za mtoni zilizochakaa, saa sita umemaliza na utaniandikia eti mama kwenu hakuna kitu. Ni kweli hakuna. Utamu unaanza siku ya pili, muuza kahawa anapokuuliza jana mbona hukupita, na wazee wa barazani wanasogea kukupa nafasi.

Kule ukikaa, nenda kivukoni asubuhi mapema. Mto unapita katikati, huku mjini na kule ng'ambo Bweni, na maji yake yametoka mbali huko Kilimanjaro na Meru, yakifika hapo ni ya udongo kabisa na yanaingia baharini rangi mbili hazichanganyiki upesi. Watu wanapanda na baiskeli zenye matenga ya samaki, wanafunzi na viatu mkononi, pikipiki, kuku, na kila mtu anaongea na kila mtu kama wametoka nyumba moja. Nauli ni kidogo, vuka urudi, vuka tena, hakuna atakayekuuliza. Nasikia wanajenga daraja sasa, kwa hiyo wahi. Na pale pale Pangani ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim Desemba 1889, yeye ndiye aliyeongoza ile vita ya watu wa mrima, yaani pwani ya bara, kuwakataa. Sisi tulikua tunasikia habari zake kwa wazee kabla hata ya kuzikuta shuleni.

Sasa kabla hujapenda sana, karatasi. Kitambulisho chako cha taifa kinakuvusha Malaba au Busia vizuri tu, Kenya wanakikubali, lakini Tanzania ni paspoti. Kama paspoti haijatoka basi mpaka wa Tanzania pale Horohoro usiusogelee, kaeni upande wa Kenya mfurahi. Na kadi ya sindano ya homa ya manjano ubebe ya kweli, sio ya kununua vichochoroni, umenielewa.

Upande wa Kenya mimi ningeenda Lamu. Malindi naipenda ila imekua, pizza nyingi kuliko mahamri. Watamu mshuke mara moja kwa ajili ya Gede, ule mji wa magofu ndani ya msitu, kisha mwendelee. Safari ya Lamu ni ndefu na kuna ukaguzi wa polisi njiani, basi linaishia Mokowe, hapo unapanda boti. Ukishuka utaelewa kwa nini UNESCO waliuweka ule mji wa kale kwenye urithi wa dunia 2001, magari ni ya kuhesabu, vichochoro vyembamba mpaka ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na punda hawana honi! Ukisikia kwato nyuma yako jibane ukutani, usianze kutoa simu upige picha, punda mwenye mchanga mgongoni hakusubiri. Asubuhi kula mbaazi za nazi na mahamri, jioni tafuta mkate wa mofa wa moto, hiyo rolex yenu, chapati ya mayai, utaisahau. Kwenda Shela, kijiji cha jirani, msichukue boti, tembeeni kwa miguu ufukweni, ni kama kilomita tatu, ila maji yakiwa yamekupwa.

Hapo ndipo nataka unisikilize kweli. Wewe umelelewa na ziwa. Ziwa letu la Victoria ukiacha ndala zako kando ya maji pale Masese ukarudi jioni unazikuta palepale (kama hazijaibiwa). Bahari inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zinasogea kila siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanatoka mbali sana mpaka unaona mwamba wote, halafu yanarudi na nguvu. Mtu anatembea mbali kutafuta picha nzuri, akigeuka njia aliyojia ni maji ya kifua. Kila asubuhi uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, swali hilo hawachoki kulijibu. Na uvae viatu, kule kwenye mwamba kuna vile vidude vyeusi vya miiba, ukikanyaga kimoja likizo imeisha.

Halafu jua kwamba Juni mpaka Agosti ni kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Wazungu kwao ni kiangazi wanakuja kwa wingi na bei zinapanda, lakini bahari yenyewe haijatulia, upepo mkali, mwani umejaa ufukweni, boti ndogo zinarushwa kweli kweli. Hali ya hewa ni nzuri, joto halikuui, na mvua za mchoo zinapita tu. Ila kama nia ni kupiga mbizi muone samaki wa rangi, mngengoja Oktoba huko kusi likishaondoka. Nahodha akisema leo hatutoki, usimwongezee hela ili atoke. Nakuomba sana hapo.

Bagamoyo kama mtafika, ifanyeni ya njiani. Mlipelekwa Kigungu kule Entebbe na shule kuona walipotua Mapeera na Brother Amans, wale wamisionari Wakatoliki wa kwanza Uganda, Februari 1879, sasa nenda kaone walikoanzia mguu kwa mguu, msafara wao ulitoka pale mwaka wa nyuma yake. Na pale misheni ya Wakatoliki Bagamoyo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa usiku mmoja 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Mimi Mwislamu, lakini ile misheni ina miti mizuri na kivuli, nilikuwa napenda kukaa.

Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, mjini jifunge kanga. Akina mama wa mabuibui usiwapige picha bila kuomba. Na salamu usiikatishe kama mnavyofanya Kampala, simama, uliza nyumbani, uliza watoto, ndipo useme shida yako.

Mkichagua Pangani niambie mapema nimpigie mama mdogo, akisikia umepita bila kulala kwake itakuwa kesi ya ukoo. Hela nitakutumia Ijumaa kwenye simu, kaka yako asijue maana naye ataanza kudai ya viatu. Na usisahau dawa ya kutapika, ile njia ya Naivasha ina kona na wewe tumbo lako nalijua.

Mama yako