Lile ziwa, mwanangu

Mwanangu Mwanaidi,

Waalaykum salaam. Ujumbe nimeupata: Jumamosi mnarudi kwenye ile bustani ya Stourhead, wewe, wenzako wa wodini na mjukuu wangu. Nendeni mkapumzike, zamu za usiku zimekukausha mpaka sauti. Ila lile ziwa, mwanangu. Mshike mkono.

Usiseme baba ameanza. Redio imesema joto limewapanda tena huko. Mwaka 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, na siku kama hizo ndipo watu hujitupa majini. Sisi wa Tanga tumezoea bahari ya uvuguvugu, tunadhani jua likiwaka na maji yamepata moto. Maji ya huko, juu yanakudanganya, chini ni baridi ya kukata, na mtu akitumbukia ghafla pumzi humruka kabla hajapiga mkono wa kwanza. Wewe nesi unayajua kuliko mimi. Mtoto wa miaka minne hayajui.

Uzuri wake usikulaze. Ziwa lenyewe limeumbwa na fedha: Henry Hoare, wa ule ukoo wa wenye benki, aliziba bonde la mto Stour katika karne ya 18 ili mahekalu yake ya mtindo wa Kirumi yapate kioo cha kujitazamia. Nyasi zinateremka hadi majini, kamba hakuna. Na lile pango la kando ya ziwa ndiko hasa kunakoniondolea usingizi. Ngazi zina giza, chini ni kokoto zilizolowa, sanamu ya yule mwanamke aliyelala inatiririsha maji, halafu kuna tundu la mawe linalotazama ziwani. Atataka kutoa kichwa pale. Safari ile alitaka, na kuna mtu alikuwa anapiga picha badala ya kushika mtoto. Simtaji. Picha yenyewe imetoka giza.

Habari za wenye bustani nilikusimulia ukawa unatafuta maegesho, hukusikia. Wale wa mwisho walikuwa na mtoto mmoja tu, Harry. Alijeruhiwa vitani Palestina, akafia Alexandria mwaka 1917. Mwaka 1946 wazee wakaikabidhi nyumba na bustani kwa National Trust, shirika linalotunza majumba na bustani za kale, hao hao waliokupa kadi, na mwaka uliofuata mume na mke wakafa siku moja. Nilipomsimulia mama yako hakusema kitu, akaenda kuanua nguo.

Bebeni sambusa zenu, bei za mgahawa ule ni za wenye benki. Na wenzako ukiwaendesha, usikimbize gari. Najua unaendesha vizuri, nilikusifia msikiti mzima, lakini njia zile nyembamba.

Huku salama. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi, na kliniki hataki mpaka umwambie wewe, kwa hiyo mwambie. Mpangaji wa uani kalipa nusu. Pesa yako ya bati nimenunulia simtanki, maji yalikuwa yanakatika mno. Mama yako anadhani fundi kachelewa, tuache adhani hivyo kwanza.

Jumamosi usinipigie video mkiwa bustanini, utakuwa na simu mkononi. Nipigie mkishafika nyumbani, hata huku ikiwa saa sita usiku. Nitakuwa macho.

Baba yako